Chabela, Meli ya Ubaldo

Ubaldo Cicilia alikuwa mwongo, na hili silisemi kwa kumsengenya, maana hata yeye ukimwuliza atakubali, ingawa kukubali kwake nako usikutie maanani sana. Hakuwa mwongo wa kumdhulumu mtu. Alikuwa mwongo wa starehe. Akitoka dukani na kopo la maziwa, angekuambia ameponea chupuchupu kugongwa na lori la chumvi. Akiota jipu, angekuambia daktari wa kisiwa jirani cha Curaçao amelipiga picha ili akawafundishie wenzake. Kisiwa chetu cha Bonaire, huku Karibi, ni kidogo, mambo yake ni machache, na Ubaldo aliona ni wajibu wake kuyaongeza.

Alifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi miaka thelathini, akastaafu na magoti mabovu na pikapu moja. Pikapu hiyo ndiyo aliyoikodisha, pamoja na chumba cha uani, kwa watalii wazamiaji wa mfuko mwembamba. Wenye nazo hukaa hotelini na kupelekwa baharini kwa boti. Hawa wengine hupakia mitungi yao ya hewa nyuma ya pikapu, huambaa na barabara ya pwani, na wakiona jiwe la njano husimama, huvaa, na kuingia majini kwa miguu yao kama watu wanaokwenda kisimani. Mawe ya njano yako pwani nzima, kuonyesha mahali pa kuzamia, kila moja na jina lake, na kila jina limo kwenye ramani.

Pikapu ya Ubaldo haikuwa na vioo. "Ndiyo uzuri wake," aliwaambia wageni, na hapo kwa bahati alisema kweli. Kwetu ukienda kuzamia unaacha gari wazi, vioo chini, ndani tupu, ili mwizi achungulie, asikitike, aende zake bila kuvunja kitu. Gari lisilo na vioo tangu mwanzo limemaliza mjadala huo. Kasoro yake ilikuwa stata, iliyokufa siku nyingi, kwa hiyo pikapu haikuwaka ila kwa kuteremka. Ilibidi uiegeshe penye mteremko, upende usipende.

Sasa kuna mwanamke aitwaye Maristela Thodé. Maristela ni mjane, anapika mchuzi wa mbuzi na ugali wa funchi chini ya turubai karibu na kanisa, na sheria yake ni upawa mmoja kwa kila sahani. Awe padri, awe polisi, upawa mmoja. Upawa wa pili alikuwa akimpa mumewe tu, na tangu marehemu azikwe hakuna kinywa cha mtu kilichowahi kuuonja. Ubaldo alikuwa amekula upawa mmoja kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku alikwenda nyumbani na njaa ya ule mwingine.

Jumatano ya Majivu, paji la uso likiwa bado na alama ya msalaba, alijipa moyo mbele ya foleni nzima.

"Maristela, mimi na wewe tumekula chumvi nyingi. Nataka upawa wa pili."

Maristela akaufuta upawa kwa aproni, polepole.

"Marehemu alinidanganya miaka ishirini na miwili," akasema. "Aliniambia anakwenda Curaçao kuninunulia friji. Kaenda mara nne. Friji mpaka leo sijaiona."

"Mimi si yeye."

"Wewe umempita. Yeye alidanganya akiwa na sababu. Wewe hata sababu huna." Akamtazama yule mzee na magoti yake mabovu, na mimi nasema alimpenda tangu zamani, ila alikuwa ameshaumwa na nyoka na ung'ongo ulimtisha. "Leo Kwaresima inaanza. Wenzako wanaacha nyama, wanaacha pombe. Wewe acha uongo. Ukifika Pasaka bila hata mmoja, njoo na sahani yako."

"Hata mdogo?"

"Uongo hauna mtoto, Ubaldo. Sogea, watu wana njaa."

Basi Ubaldo akaanza mfungo wake, na kisiwa kikaanza kupata shida. Alimwambia bibi Sefa wa kwaya kwamba akipanda sauti ya juu mbuzi wa jirani huacha kula. Alimwambia Rignald Winklaar, jirani yake mwenye pikapu sita zenye vioo, kwamba kofia yake mpya inamfanya afanane na uyoga. "Shemeji, rudi kwenye uongo, tutakusamehe," Rignald akamwambia. Huku kwetu kila mwanaume ni shemeji wa mwenzake, hata kama kwao hakuna dada. Ubaldo hakurudi. Siku kumi na tisa zikapita safi kama sahani iliyorambwa, na yeye akaanza kutembea kifua mbele.

Siku ya ishirini ndipo punda alipomponza.

Punda mwenyewe alishakufa. Aliitwa Chabela, alikuwa wa Ubaldo kwa miaka kumi na saba, na tabia yake ilikuwa kuingiza kichwa kwenye magari ya wazamiaji yaliyoachwa wazi na kula mikate yao pamoja na mfuko. Shukrani ya punda ni mateke, na Chabela alishukuru sana, lakini Ubaldo alimpenda kupita kiasi. Alipokufa Januari, kwa kuwa ardhi ya pale ni mwamba wa matumbawe, jembe halipiti, ikabidi amfunike kwa mawe kwenye mteremko ulio kati ya nyumba na bahari. Juu yake akaweka jiwe kubwa. Nyumbani kulikuwa na nusu kopo la rangi, masalia ya mwaka ule alipopewa kibarua cha kupaka mawe ya barabarani, akalipaka jiwe, na kwa rangi nyeusi akaandika CHABELA.

Rangi yenyewe ilikuwa ya njano. Mtu yeyote mwingine duniani angeliona kosa hapo hapo. Lakini mtu wa Bonaire ameyaona mawe ya njano tangu anatambaa, hayaoni tena, kama usivyoiona pua yako. Kungekuwa kumebaki rangi ya bluu, Ubaldo angepaka bluu na mimi nisingekuwa na hadithi.

Wapangaji wake siku hizo walikuwa mke na mume kutoka Uholanzi, Joost na Femke, walimu wa shule waliokuwa wamejinyima miaka miwili ili waje. Kwa wiki tano walikula mkate na siagi ya karanga asubuhi, mchana na usiku. Nguo zao za kuzamia walizibandika viraka vya tyubu za baiskeli. Kwa kuwa walipewa ile pikapu, walikuwa wakiruka mawe mengi ya njano kwa sababu mahali pake ni tambarare, wakitafuta mteremko. Na mteremko mzuri kuliko yote, wenye jiwe zuri jipya la njano, waliukuta chini ya dirisha la mwenye nyumba wao.

Walipanda uani wakiwa wamelowa, Femke akitetemeka kwa furaha.

"Bwana Ubaldo, pale chini. Matumbawe kama koliflawa, kasa watatu, na samaki mkunga aliyetukodolea macho kama mwalimu mkuu wetu. Na halipo kwenye ramani. Kwa nini hukutuambia?"

"Pale chini wapi?"

"Penye jiwe. Chabela."

Joost naye akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza jina la mtakatifu, "Chabela ni nani?"

Neno "punda" lilifika kwenye meno. Naapa lilifika. Lakini akawatazama watu wale, viraka vyao, midomo yao iliyopasuka kwa chumvi, nyuso zao zinang'aa kana kwamba bahari imewarudishia miaka miwili yote ya kujinyima, na akaona hawezi kuwaambia wamezamia kwenye kaburi la mnyama. Pia tusimpambe: ulimi ulikuwa umekaa bure siku ishirini, unawasha.

"Meli," akasema. "Ilizama."

Na maji yakimwagika hayazoleki.

"Meli ya nini?"

"Ya jibini. Na piano."

"Piano?"

"Tatu," akasema Ubaldo, na hapo akajua amekwisha.

Kesho yake Joost na Femke wakaitafuta meli. Keshokutwa wakaitafuta na Wajerumani wawili. Wiki iliyofuata kulikuwa na pikapu kumi na moja kwenye mteremko ule, na miguu yenye mapezi ya mpira ikikanyaga mawe ya marehemu Chabela ikienda na kurudi. Hakuna aliyeona hata msumari. Kutoona kukawazidishia imani.

Lakini aibu kubwa ni yetu sisi wenyeji. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na sisi tulilileta mbio. Rignald Winklaar akatangaza kwamba babu yake alikuwa mpishi wa Chabela. Bibi Sefa akakumbuka moshi wake ukipita kijijini Rincon, ingawa Rincon iko bondeni na bahari haionekani. Mzee mmoja wa baraza la kanisa alisema piano zilikuwa nne, na yeye na mwenzake walipigana karibu na mlango wa sakristia kuhusu hiyo ya nne.

Uvumi ulifika kwenye sufuria ya Maristela, kama kila kitu kinavyofika. Siku hiyo, kwa kuwa ni Kwaresima, alikuwa na mchuzi wa samaki. Akamwekea Ubaldo upawa mmoja.

"Ubaldo, hiyo meli wanayosema. Ilikuwepo?"

Ubaldo akajaza kinywa ugali. Akatafuna. Akaongeza mwingine kabla wa kwanza haujashuka. Kimya si uongo, alijiambia, na huo nao ulikuwa uongo mwingine.

"Tafuna vizuri," Maristela akasema. "Nitakuuliza Pasaka, kabla ya upawa wa pili. Hapo nataka kinywa kitupu."

Ubaldo alikwenda kwa Rignald kuomba ushauri, na hapo ndipo unaona mtu amechanganyikiwa.

"Shemeji, shida yako nini?" Rignald akacheka. "Kisiwa kizima kinaikumbuka meli yako. Nani wa kukusuta? Maristela akikuuliza, sema ilikuwepo. Chukua mke. Ukisema punda, unakosa mke na mimi unanikosesha babu."

Kweli tupu, kama kweli inaweza kutoka kwa Rignald. Mara ya kwanza maishani Ubaldo alikuwa na uongo wenye mashahidi. Kuusema kulimpa mwanamke aliyemtaka, na kuukana kulimnyima. Akaamua atasema meli. Alilia kidogo kwenye jiwe la Chabela, akamwomba radhi kwa kumgeuza chombo cha jibini, lakini aliamua.

Ijumaa Kuu jioni Femke akaja mlangoni kwake, macho mekundu.

"Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho majini, kwa sababu Jumatatu asubuhi tunapanda ndege, na mzamiaji lazima akae siku nzima nchi kavu kabla ya kuruka. Joost anasema harudi nyumbani bila kuiona Chabela. Rignald amemwambia iko chini kabisa, zaidi ya mita hamsini. Joost hajawahi kwenda hata nusu ya hapo. Huko hewa ya mtungi inamlevya mtu, Bwana Ubaldo, anacheka na samaki mpaka anasahau kurudi. Nimekataa kwenda naye. Anasema atakwenda peke yake."

"Mwambie asiende."

"Kwa nini?"

Ungekuwa wewe ungesema. Ubaldo akasema, "Bahari itachafuka kesho. Magoti yangu yananiambia."

Jumamosi bahari iliamka imelala kama maziwa kwenye bakuli. Ubaldo aliitazama dirishani na akaichukia. Kisha akavaa suruali yake nyeusi ya kanisani, ya pekee aliyonayo, kwa sababu aliona mtu anayekwenda kufedheheka afadhali aende amevaa, akateremka.

Pwani ilijaa. Wiki ya Pasaka watu wetu hupiga kambi ufukweni na masufuria na mabibi na redio, na mwaka ule nusu ya kisiwa ilipiga kambi penye Chabela ili iwe karibu na historia. Maristela naye alikuwa ameihamishia turubai yake pale. Femke alikaa nyuma ya pikapu, kaipa bahari mgongo. Joost alikuwa tayari majini mpaka kifuani, mtungi mgongoni, kofia ya mpira imeziba masikio, anatema mate kwenye miwani yake na kuisugua.

"Joost, hakuna meli," Ubaldo akaita.

Joost akageuka, akamwona mzee anapunga mikono, akafikiri anatakiwa heri. Akapunga naye.

Hapa lazima mjue jambo ambalo Ubaldo alilificha chini ya uongo wote mwingine: alizaliwa kisiwani, aliishi kisiwani miaka sitini na tatu, na hajawahi kuingia baharini zaidi ya vifundo vya miguu. Maji aliyaogopa kama paka. Alisimama ukingoni akamtazama Joost akivaa miwani, akamtazama Maristela ameshika upawa, akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, na magoti haya," akaingia.

Alikwenda hatua tano. Ya sita ikakanyaga tumbawe lenye utelezi, na Ubaldo Cicilia akazama kwenye maji yaliyomfika kiunoni. Alipigapiga maji, akayanywa, akamwita mama yake, akamwita Chabela, akashika kitu cha kwanza alichokipata, nacho kilikuwa mpira wa kupumulia wa Joost. Mwalimu wa watu akashtuka, akamkumbatia, akamburuta mpaka ufukweni kama gunia la mahindi lililolowa. Aliyekwenda kuokoa akaokolewa, na watu wote wamesimama.

"Hakuna meli," Ubaldo akasema, akitema maji. "Hakuna piano. Chabela ni punda wangu. Yuko chini ya jiwe lile. Nilipaka njano kwa sababu ndiyo iliyobaki."

Na hakuna aliyemwamini.

"Anaweweseka," akasema bibi Sefa. "Amekunywa chumvi. Mimi moshi niliuona."

"Shemeji, usimtukane babu yangu," Rignald akasema. "Amewapikia manahodha."

"Babu yako alikuwa fundi viatu, Rignald," Ubaldo akasema. "Alikuwa akiona ndoo ya maji anatapika. Kila mtu anajua."

Joost alivua kofia ya mpira, akapiga magoti mbele yake. "Mzee, naelewa. Unailinda. Hutaki wageni tuiharibu." Machozi yalimlengalenga. "Nitashuka polepole, sitagusa hata ufunguo mmoja wa piano."

Ubaldo akamshika mkono wa viraka kwa mikono yake yote miwili na akatazama huku na huku, na mtu aliyedanganya maisha yake yote akakosa neno moja la kuaminika. Ndipo Maristela akaweka kifuniko kwenye sufuria, akaja, watu wakampisha.

"Ubaldo. Kinywa kitupu. Meli au punda?"

Alijua anachokitupa. Ulionekana usoni, ule upawa wa pili, unaondoka.

"Punda, Maristela. Nilimdanganya kijana wa watu siku ya ishirini. Na jana tena, kuhusu magoti."

Maristela akamgeukia Joost. "Ni punda. Namjua vizuri. Alikula suruali ya marehemu mume wangu ikiwa kambani, pamoja na mkanda. Rudi nyumbani, mwanangu, ukafundishe watoto."

Na kwa kuwa Maristela hajawahi kumdanganya mtu, hata kuhusu kiasi cha nyama, jambo likaisha. Joost akaenda akakaa juu ya jiwe la njano. Femke akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala kwenye mchanga, kisha akaamka, akampiga mumewe kwa pezi, akamkumbatia. Bibi Sefa alisema yeye siku zote alijua. Rignald alivua ile kofia yake ya uyoga na kuitazama kwa ndani muda mrefu.

Maristela alirudi kwenye sufuria yake.

Pasaka asubuhi Ubaldo alikwenda misa na suruali ile ile, maana hana nyingine, na chumvi ilikuwa imekauka na kuacha mistari myeupe kuanzia kiunoni mpaka chini. Kanisa zima liliisoma. Baada ya misa alipanga foleni kama watu wengine, mwishoni, na sahani moja. Mbuzi alikuwa amerudi, unamnusa kutoka altareni.

Akapewa upawa wake. Akasema asante, akageuka kuondoka.

"Wapi unakwenda?" Maristela akauliza.

"Sharti lilinishinda. Siku ya ishirini."

"Najua kuhesabu." Alikuwa ameshaingiza upawa kwenye sufuria tena, kule chini kwenye nyama. "Marehemu alinidanganya miaka ishirini na miwili, Ubaldo, na hata siku moja hakulowesha suruali yake kuja kuurudisha uongo mmoja. Lete sahani."

Ubaldo akaileta sahani, na Maristela akamshika mkono kwa mkono wake mwingine ili mchuzi usimwagike.